DrPH isigeuke PhD: ya kupanga kabla ya mtaala

Msomaji mmoja ameandika kwamba chuo chao kinataka kuanzisha shahada ya udaktari wa afya ya umma, DrPH, inayoandaa viongozi wa kazi hiyo kama PhD inavyoandaa watafiti, kwa watu walioko kazini, na kamati imeanza kwa kuorodhesha kozi. Isimame hapo hapo. Orodha ya kozi huja mwishoni.

Anzeni na cheo. Mhitimu atashika kazi gani: mkuu wa mpango wa chanjo? Mkurugenzi wa idara ya afya? Waulizeni wanaoajiri watu wa ngazi hiyo ni maamuzi gani yanawashinda walio chini yao, kisha majibu myageuze kuwa umahiri wenye kitenzi kinachopimika. "Kuelewa bajeti ya afya" hakusahihishiki. "Kuandaa bajeti ya mpango wa miaka mitatu na kuitetea mbele ya watoa fedha" kuna hati ya kushika mkononi na maswali ya kujibu.

CEPH, baraza linalotoa ithibati kwa vyuo vya afya ya umma Marekani, katika vigezo vyake vya mwaka 2016 liliweka umahiri wa msingi 20 wa DrPH katika makundi manne: takwimu na uchambuzi; uongozi, usimamizi na utawala; sera na programu; elimu na kuendeleza wafanyakazi. Hata kama ithibati yake hamuihitaji, itumieni orodha hiyo kujipima. Chora jedwali: umahiri upande mmoja, kozi upande wa pili, na katika kila kisanduku andika zoezi linaloupima, si jina la mada. Visanduku vya takwimu vitajaa upesi. Vya uongozi vitabaki vitupu, maana wahadhiri wengi wamelelewa kwenye utafiti na hawajawahi kufunga mwaka wa fedha wala kumwachisha mtu kazi. Leteni watendaji, hata kwa mkataba wa muda, na muwape kura kwenye kamati inayomsimamia mwanafunzi. Mtendaji asiye na kura ni pambo.

Programu nyingi huvunjikia kwenye mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi anaweza kuyafanyia pale pale anapofanya kazi, ila mradi uwe nje ya majukumu yake ya kila siku, la sivyo mnamtunuku shahada kwa kazi anayolipwa mshahara. Hati ya makubaliano itiwe saini na chuo, taasisi na mwanafunzi, iseme nini kitakabidhiwa, lini, takwimu ni mali ya nani, na nani anaruhusu matokeo yachapishwe. Kipengele hicho cha mwisho ndicho husahaulika. Matokeo yakionyesha dawa ziliisha stoo kwa uzembe, mkuu wa taasisi anazuia ripoti, na tasnifu inalala. Tajeni pia naibu wa msimamizi wa kazini, wakubwa huhamishwa. Na ulizeni mapema kama tathmini ya programu inahesabika kuwa utafiti, kwa kuwa idhini ya kimaadili huombwa kabla ya kukusanya takwimu, haiombwi baadaye.

Tasnifu nayo msiinakili ya PhD. London School of Hygiene & Tropical Medicine, chuo cha afya ya umma cha Uingereza, humtaka mwanafunzi wa DrPH afanye uchambuzi wa taasisi na sera, halafu tasnifu iliyo fupi kuliko ya PhD. Mimi ningeongeza muhtasari wa kurasa mbili kwa mwenye uamuzi, usahihishwe kwa ukali ule ule. Wanaosoma huku wanafanya kazi hukwama masomo ya darasani yakishaisha, kwa sababu hakuna tena kipindi cha kuhudhuria. Basi swali la tasnifu lichaguliwe mwaka wa kwanza, na kazi za kozi zilihudumie: ya sera iwe rasimu ya usuli, ya takwimu iwe mpango wa uchambuzi.

Limebaki suala la wahadhiri kupandishwa vyeo. Kanuni za chuo zikihesabu makala za majarida peke yake, mhadhiri mwenye akili atamsukuma mwanafunzi wake aandike makala, na DrPH yenu itageuka PhD kimya kimya. Kanuni hizo zipitishwe upya kwenye seneti kabla ya tangazo la kwanza la udahili.