Nagasa, yaani urefu wa bapa la upanga wa Kijapani, inapimwa kuanzia wapi?

SWALI: Nina upanga wa Kijapani. Hati yake inasema: "katana, mumei, o-suriage, nagasa shaku 2 sun 2 bu 6, sori bu 5." Nikipima kuanzia juu ya kola ya shaba hadi nchani napata sm 66 tu. Je, hati ni ya upanga mwingine?

JIBU: Kwa kipimo hicho pekee, huna sababu ya kuitilia shaka hati. Shaku moja ni sm 30.3, ina sun 10, na kila sun ina bu 10. Hati yako basi inasema sm 68.5. Tatizo ni pale unapoanzia. Nagasa huanzia kwenye munemachi, kile kidato kilichochongwa mgongoni, bapa linapoishia na msuka (nakago) kuanza. Kola hiyo, habaki, huegemea kidato hicho na kufunika sm 2 hadi 3 za bapa. Ndizo zilizokupotea.

Chomoa mekugi, ile pini ya mwanzi, utoe mpini na habaki, kisha nyoosha rula kutoka munemachi hadi nchani. Usifuate mpindo, ingawa kwa upanga huu ungezidisha milimita moja tu. Sori ni umbali mkubwa kabisa kati ya mstari huo na mgongo. Bu 5 ni kama sm 1.5.

Neno lenye uzito zaidi hapo ni o-suriage. Upanga mrefu ulifupishwa kwa kukata upande wa msuka, kamwe si nchani, kwa sababu ncha ikikatwa, makali yake yaliyofanywa magumu kwa kuzamishwa majini yakiwa moto hupotea. Munemachi ikasogezwa juu, na sehemu ya chini ya bapa ikawa msuka mpya. Msuka wa asili ukaondoka wote pamoja na sahihi ya mfuaji. Ndiyo maana ya mumei, "bila jina". Hata tachi ya zamani, upanga uliovaliwa makali yakitazama chini, iliyokatwa hivyo kwa kawaida huandikwa katana.

Sasa utazame msuka wenyewe. Hamon, ule mstari wa makali magumu, ukiendelea kushuka ndani yake, ni dalili nzuri ya ufupisho. Tundu la mekugi zaidi ya moja huonyesha kwamba mpini ulibadilishwa mahali, lakini peke yake halithibitishi o-suriage.

Tafadhali, kutu ya msuka usiiguse kwa msasa wala dawa. Rangi yake na alama za tupa, yasurime, ndizo anazosoma mtaalamu kukadiria umri. Ikishasuguliwa, hairudi.