Mpangaji kahama usiku, kaacha kufuli mlangoni na deni la miezi minne

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mjane, nina nyumba ya vyumba sita Mbagala, naishi humo humo na wapangaji. Mwezi wa pili nilimpangisha dada mmoja, Mama Junior, chumba na sebule kwa 80,000 kwa mwezi. Alilipa miezi sita, tukaandikiana kwenye karatasi. Miezi sita ilipoisha ikawa "mama, mwisho wa mwezi", "mama, mchezo wangu unatoka wiki ijayo". Mwezi wa tisa alinitumia 40,000 kwa simu, basi. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja naamka asubuhi naambiwa kirikuu kilikuja saa nane usiku, vitu vikapakiwa. Mlangoni kaacha kufuli lake, na dirishani naona kitanda na friji. Sehemu yake ya bili ya maji ni 26,000. Simu inaita, hapokei. Kaka yake tuliyemwandika mdhamini, jina na namba ya simu tu, anasema hayamhusu. Namdai 400,000 pamoja na usumbufu. Mwanangu wa kiume anataka tuvunje mlango, tuuze friji, na picha yake tuitundike mtandaoni watu wamjue. Kinachoniuma zaidi, tulikuwa tunakula sahani moja. Nifanye nini? Na nikikutana naye njiani nimwambie nini?*

Marahaba, mwanangu, na pole. Hapo una mambo mawili, na hasira imeyafunga fundo moja. Kuna chumba, na kuna deni. Deni linaweza kusubiri, kwani madai ya kodi yana miaka 6 kisheria kabla hayajapitwa na muda. Chumba hakisubiri. Kila mwezi kufuli lile likining'inia pale, unapoteza 80,000 nyingine ambayo Mama Junior hatakulipa. Kwa hiyo anza na chumba, na ukitoe mikononi mwake kwa namna ambayo kesho hatakugeuzia kibao.

Mwanao mwambie aweke nyundo chini. Mpangaji anayedaiwa bado ni mwenye vitu vyake mpaka baraza au mahakama iseme vingine. Mkivunja peke yenu, siku ya pili anatokea na kusema chini ya godoro aliacha laki tano na hereni za dhahabu, na wewe huna shahidi hata mmoja. Friji unayoiona dirishani inaweza kuwa haiwaki tangu mwaka juzi. Ukishaiuza kwa fundi kwa 60,000, itageuka kuwa friji mpya ya laki saba. Mdai anakuwa mdaiwa kwa mchana mmoja.

Kabla ya yote mwandikie ujumbe, usimpigie. Anayekwepa deni hapokei simu kwa sababu anajua kinachomsubiri upande wa pili, lakini ujumbe anausoma. Uandike bila tusi na bila kutaja polisi, hivi:

"Mama Junior, habari. Sikutafuti kwa ugomvi. Naomba unijibu kwa ujumbe kwamba umehama na chumba nikipangishe. Vitu ulivyoacha nitavitunza, njoo uvichukue mchana. Habari ya deni tutapanga."

Akijibu hata "sawa mama, chukua chumba", umemaliza nusu ya kazi. Ujumbe huo ni makabidhiano. Upige picha ya skrini namba yake na tarehe vikionekana, mtumie mwanao nakala ili simu ikipotea ushahidi usipotee nayo. Na ule wa muamala wa 40,000 usiufute hata siku moja: unaonyesha kwamba baada ya miezi sita kuisha yeye mwenyewe aliendelea kujiona mpangaji wako.

Asipojibu, mpe notisi ya maandishi. Mkataba wenu wa miezi sita ulishakwisha, mkaendelea kwa kuhesabu mwezi kwa mwezi, basi notisi isipungue mwezi mmoja. Iandike nakala tatu: moja ibandike mlangoni na uipige picha ikiwa imebandikwa, moja ipeleke ofisi ya serikali ya mtaa wakugongee muhuri wa kupokea, moja baki nayo. Ipige picha pia umtumie kwenye simu, yeye na kaka yake. Ndani yake taja tarehe na saa ya kufungua chumba, na kwamba viongozi watakuwepo. Mwezi mzima unauma, najua, hasa na wapangaji wapya wanagonga mlango kila siku. Ni rahisi kuliko kesi.

Siku ya kufungua, awepo mjumbe wa shina, mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, na mashahidi wawili wasio wa familia yako. Mpangaji wa chumba jirani anafaa. Mwanao aanze kurekodi video mlango ukiwa bado umefungwa. Likatwe kufuli, mlango na fremu visiguswe, na kufuli lililokatwa lihifadhiwe pamoja na vitu. Kisha andikeni kila kilichomo kwa maneno makavu: "kitanda cha mbao 5 kwa 6, kimoja, chaga mbili zimevunjika, friji ndogo nyeupe, moja, ilipochomekwa haikuwaka, ndoo za plastiki, tatu." Usiandike "friji nzuri" wala "vitu vya thamani". Wote waliopo wasaini kila ukurasa. Mkikuta kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, usikishike kama rehani. Mkabidhi mtendaji kwa saini. Watu wengi wanaharibu kesi safi kwa kung'ang'ania kadi ya mtoto.

Vitu vihamishie stoo, vifunikwe, na friji isitumike hata kama inawaka. Badilisha kitasa chenyewe, maana aliyehama ana funguo na huenda alizichonga nakala. Soma mita ya maji siku hiyo hiyo uandike namba: akaunti ya DAWASA iko kwa jina lako, na asipolipa yeye, wewe ndiye utakayekatiwa. Hapo pangisha.

Sasa deni. Hiyo 400,000 iache. Miezi minne, wa nane mpaka wa kumi na moja, kwa 80,000 ni 320,000. Toa 40,000 aliyotuma, inabaki 280,000. Ongeza maji 26,000. Unadai 306,000, na hesabu uiandike hivyo hivyo mstari kwa mstari, tarehe kwa tarehe. Usumbufu hauna risiti, na mkataba wenu haukuutaja. Ukiupachika pale, msuluhishi ataanza kuitilia shaka hata ile kodi ambayo haina ubishi. Bili ya maji ambatanisha, na onyesha umeigawa kwa watu wangapi.

Polisi usiende kwa ajili ya kodi. Deni la kodi si jinai, utarudishwa ukiwa umepoteza nauli. Ingekuwa amekung'olea feni ya darini au masinki, hayo yangekuwa mengine. Pa kwenda ni Baraza la Kata ilipo nyumba, si huko alikohamia. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halihukumu tena, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti cha kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kusonga mbele bila cheti. Kwa kuwa chumba utakuwa umeshakirudisha na linalobaki ni pesa tupu, muulize karani kabla ya kulipia ada kama shauri lako lipokelewe hapo au Mahakama ya Mwanzo. Beba karatasi yenu ya upangaji, miamala, notisi yenye muhuri, orodha ya vitu na hesabu ya 306,000.

Kuhusu karatasi hiyo: haina ushuru wa stempu, sivyo? Mkataba wa upangaji unapaswa kulipiwa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa 80,000 kwa mwezi, ukihesabu mwaka mzima, ni 9,600. Usiolipiwa unaweza kukataliwa kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini. Wenye nyumba wengi hulijua hili wakiwa wameshasimama mbele ya mwenyekiti wa baraza.

Lakini mimi ningekuwa nafasi yako ningeishia kwenye usuluhishi. Kwa 306,000, nauli na siku za kufunga biashara zitakula sehemu kubwa kabla hujapata hukumu, na hukumu nayo inahitaji mtu wa kumkamata nayo. Akikubali 50,000 kwa mwezi, pokea, ila aandike na kusaini: "Nadaiwa 306,000 na fulani, nitalipa 50,000 kila tarehe 5." Karatasi hiyo ina nguvu kuliko mkataba wenu wa mwanzo, kwa sababu deni amelikiri mwenyewe. Vitu vyake akija kuvichukua mpe, asaini amevipokea vyote. Kuvizuia hakutakuletea pesa, na stoo ni yako.

Kaka mtu aliandika jina na namba ya simu tu. Hakuna mahali aliposema "asipolipa nitalipa mimi", kwa hiyo usimhesabu kama mdhamini, mtumie kama mjumbe. Picha ya mtandaoni isahau kabisa. Ukimwita mwizi mbele ya watu anaweza kukudai kashfa, na kusambaza picha au kitambulisho chake kunakugonganisha na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Umeuliza kwa uchungu imekuwaje mtu mliyekula sahani moja. Hesabu inajibu. Kule alikohamia, tuseme wameomba miezi mitatu kwa bei kama yako, 240,000. Mwezi wa kwanza wa deni alikuwa na sababu ya kukulipa, kwa kuwa kukulipa kulikuwa rahisi kuliko kuhama. Ulipofika wa nne, kuhama kukawa rahisi kuliko kukulipa. Na wewe, kwa sababu ya ile sahani, ukaona aibu kuandika. Kwa mpangaji ajaye mkumbushe mwezi mmoja kabla kodi haijaisha, na siku ya saba ya kuchelewa mpe barua, awe rafiki asiwe rafiki. Chukua namba yake ya NIDA, mahali anapofanya kazi, ndugu wawili badala ya mmoja, na amana ya mwezi mmoja iandikwe kuwa ni ya maji na uharibifu, isije ikageuka kodi ya mwezi wa mwisho.

Ukikutana naye njiani, mwitikie shikamoo yake. Muulize Junior hajambo. Halafu muulize anaweza kuanza na shilingi ngapi na tarehe ngapi, na umwombe akutumie jibu hilo kwa ujumbe hapo hapo mkiwa mmesimama.