Jibu: Mwanangu hujisemesha anapofanya hesabu, nimkataze?

Mzazi mwenzangu, umeuliza kama umkataze mwanao wa miaka minane, ambaye umakini wake ni mfupi, kujisemesha anapofanya hesabu, kwa sababu mwalimu analalamika. Naomba usimkataze. Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka wa 1934, alieleza kwamba mtoto hujiongoza kwanza kwa sauti, kisha kwa mnong'ono, na hatimaye kimoyomoyo. Watoto wenye tatizo la umakini aghalabu huchelewa kufika hatua hiyo ya mwisho, hivyo kumnyamazisha ni kumnyang'anya chombo anachofikiria nacho.

Jioni, keti naye ufanye hesabu moja ukisema waziwazi: "Naulizwa nini? Kutoa. Sita ondoa tisa haiwezekani, kwa hiyo nakopa kumi. Hebu nihakikishe." Ya pili aifanye yeye, kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka wa 1971 wanasaikolojia Meichenbaum na Goodman waliwafunza watoto wenye pupa kwa utaratibu wa namna hii, ingawa baadaye ilidhihirika kwamba peke yake hautoshi kwa watoto wenye tatizo hili, kwani wanachojifunza mezani hakihamii darasani kwa urahisi.

Madarasa mengi ya Nairobi yamejaa, nami namwelewa mwalimu. Mwombe amketishe mbele, pembeni, na amruhusu kunong'ona. Kama hajatathminiwa bado, KISE, taasisi ya elimu maalumu ya Kenya iliyoko Kasarani, hufanya kazi hiyo.