Chumba cha michezo ya watoto: anza na sakafu, si picha za ukutani

Dada yangu wa Ujiji, umeuliza namna ya kukigeuza chumba cha stoo kuwa mahali pa kuchezea wanao wa miaka 2 na 6, na kama uanze kwa kumwita mchoraji. Mchoraji asubiri. Mtoto wa miaka 2 hushinda chini, kwa hiyo sakafu ndiyo inayostahili fedha ya kwanza: saruji iliyosakafiwa vizuri, isiyo na nyufa, kisha mkeka wa ukindu ambao, tofauti na zulia zito, hukung'utwa vumbi na kuanikwa juani bila taabu.

Kuta ziwe nyeupe au za rangi ya maziwa, kwani dirisha la stoo huwa dogo na rangi iliyokolea itazidisha giza. Chagua kopo lililoandikwa kwamba rangi yake haina madini ya risasi, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Urembo uachie vitenge, ambavyo Kigoma havikosekani. Dirishani weka wavu wa mbu.

Rafu iwe fupi, na hata hivyo fundi aifunge ukutani kwa skrubu, maana watoto hupanda kila kinachopandika (wa kwangu hawakuacha hata meza ya cherehani). Gololi na vifuniko vya chupa vya huyo mkubwa vikae kwenye kopo lenye kifuniko, mahali ambapo mkono wa mdogo wake haufiki, kwa kuwa vinaweza kumkaba. Soketi zilizo karibu na sakafu zifunikwe kabla hawajaingia.