Mi nataja Blues Breakers ya Mayall na Clapton, na sababu ni volyumu

Swali lenu la wiki hii limenikuna: albamu gani moja ya gitaa ambayo isingetoka, muziki tunaousikia leo ungekua mwingine? Mi sihitaji hata kufikiria, ni Blues Breakers ya mwanamuziki wa blues Mwingereza John Mayall akiwa na mpiga gitaa Eric Clapton, imetoka kampuni ya rekodi ya Decca Julai 1966. Wengi wanaiita Beano tu, maana kwenye kava Clapton kakaa anasoma gazeti la katuni la watoto lenye jina hilo, wala haangalii kamera.

Najibu kama fundi mitambo. Mwaka wa 12 huu niko nyuma ya miksa, harusi, kanisani, bendi za hoteli, na maneno niliyoyasema kuliko yote ni "kaka punguza gitaa". Kwa hiyo niliposoma yaliyotokea studio ya Decca pale West Hampstead, London, wa kwanza kumwonea huruma ni fundi mwenzangu, Gus Dudgeon. Clapton, kijana wa miaka 21, kaingia na gitaa lake la Gibson Les Paul na amplifaya ya Marshall ya spika mbili za inchi 12, kaifungua kama yuko klabu saa sita usiku, halafu anataka maiki ikae mbali na spika, yeye hapunguzi. Enzi hizo studio gitaa lilikua linarekodiwa kwa adabu, amplifaya iko chini na maiki iko karibu kabisa, kwa sababu ukipandisha sauti inaingia kwenye maiki ya dramu, ya kinanda, ya kila mtu, na ikishaingia hutoi. Dudgeon akalalamika, na kwa kazi yake alikua na haki kabisa, mi ningelalamika zaidi yake. Ila prodyuza Mike Vernon na Mayall mwenyewe wakasimama na kijana.

Na hapo ndo kila kitu kilibadilika. Amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti, ukiipa kidogo inatoa sauti safi, nyembamba, nota inapigwa inakufa. Ukiisukuma mpaka valvu zenyewe zinalemewa, nota inanenepa, inachanika kidogo pembeni, halafu uzi ukiuvuta sauti inabaki hewani inalia kama mtu, na pikapu (sumaku za kunasa sauti ya nyuzi) za koili mbili za ile Les Paul zinaongeza msukumo juu ya msukumo. Siku hizi kuna kipedali cha kukanyaga kinakupa kitu kinachofanana na hicho chumbani kwako usiku bila kumwamsha jirani, lakini 1966 njia ilikua ni kuifungua mashine na kukubali kelele zake. Sikiliza All Your Love, zile sekunde za mwanzo tu, utajua nasema nini.

Sasa watu waliipokeaje? Ilifika namba 6 kwenye chati ya albamu Uingereza, na hii ni blues tupu jamani, nyimbo 12, nyingine za watu wa Chicago ambao vijana wengi wa kule walikua hawajawahi kuwasikia. Na wakati watu wanaipeleka nyumbani Clapton keshaondoka, mwisho wa Julai uleule yuko kwenye tamasha la Windsor na bendi yake mpya, Cream. Miaka hiyohiyo ukutani Islington, London, mtu akaandika Clapton ni Mungu, neno ambalo mi silipendi hata kidogo, ila linaonyesha watu walikua wamechanganyikiwa kiasi gani. Lakini kwangu ushahidi mkubwa uko madukani. Gibson walikua wameshaliacha lile umbo la Les Paul mwanzoni mwa miaka ya 60 maana lilikua haliuziki, sasa wapiga gitaa wakaanza kusaka zile kuukuu, na 1968 Gibson wakalirudisha. Na ile amplifaya mpaka leo inaitwa Bluesbreaker. Gitaa lenyewe la Clapton liliibiwa mwaka uleule wa 1966, wakati Cream wanafanya mazoezi.

Kuna jambo lazima niliseme hata kama linaniuma. All Your Love ni ya Otis Rush, Hideaway ni ya Freddie King, Ramblin' on My Mind ambayo Clapton anaimba mwenyewe ni ya Robert Johnson, wote Wamarekani weusi. Halafu 1976 huyuhuyu Clapton alisimama jukwaani Birmingham akatoa maneno mabaya dhidi ya wahamiaji na watu weusi, mpaka watu wakaanzisha Rock Against Racism, kampeni ya muziki ya kupinga ubaguzi wa rangi, kwa hasira. Nilipolijua hilo niliiacha hii albamu muda mrefu. Niliporudi nilirudi kupitia kwa Otis Rush, mtu wa mkono wa kushoto aliyepiga nyuzi zikiwa juu chini, rekodi yake ya 1958 ya kampuni ya Cobra, na nikaona Clapton kaifuata karibu hatua kwa hatua, ule mwanzo mzito wa polepole halafu katikati mdundo unageuka. Alichoongeza ni ile sauti. Ni kitu kikubwa, sikipunguzi, ila wimbo ni wa Rush na jina lake litajwe kila mara.

Mayall naye asisahaulike, alifariki Julai 2024 akiwa na miaka 90. Clapton alipoondoka, Mayall akamleta mpiga gitaa Peter Green, baadaye Mick Taylor, na mpiga besi wa albamu hii, John McVie, ndo yule wa bendi ya Fleetwood Mac.

Kama hujawahi kuisikia, usianze na wimbo wa kwanza. Anza na Have You Heard, tafuta toleo la mono, sauti ya njia moja, kama lilivyotoka 1966, acha saksofoni ianze, acha Mayall aimbe, na gitaa likiingia usiguse volyumu.