Ndege ya injini ya farasi 100 kwa watu wanne, kutoka Lubumbashi?

Ndugu, unauliza kama ndege yenye injini ya farasi 100 isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) itawatosha ninyi wawili, watoto wawili nyuma, kwa safari ya Kalemie: hapana. Uwanja wa ndege wa Luano, hapo Lubumbashi, uko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Joto likifika digrii 30, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,150, na injini hiyo inapoteza karibu robo ya nguvu. Tafuta injini ya farasi 140 yenye tabo, kama Rotax 915 iS.

Halafu uzito. Watu wazima kilo 140, watoto kilo 60, mizigo kilo 30. Kalemie ni karibu kilomita 670. Kwa kasi ya kilomita 220 kwa saa na lita 30 za mafuta kwa saa, pamoja na akiba ya dakika 45, unahitaji lita 115, yaani kilo 83. Jumla kilo 313, na watoto wanakua! Piga hesabu ya kitovu cha uzito (mahali uzito wote wa ndege unapolingana) mara mbili, tangi likiwa limejaa na likiwa karibu tupu, mizigo yote nyuma. Kitovu kikipita mpaka wa nyuma, pua haitii na ndege ikizunguka kuanguka huenda usiiokoe.

Esanse ya gari inafaa Rotax hiyo kama okteni (kipimo cha ubora wa esanse) inatosha, ila kwenye joto inachemka ndani ya mipira ya kupitisha mafuta na injini inakatika. Weka bomba la kurudisha mafuta tangini, funika mipira kwa kinga ya moto, ipitishe mbali na egzosi.