Kukoroma, pumzi kukatika na upasuaji wa taya: maswali yenu

Shikamoo daktari. Naendesha lori la korosho. Mke wangu anasema nikilala nakoroma, halafu pumzi inakata mpaka anitikise. Mchana nasinzia kwenye usukani. Nasikia upasuaji wa taya unaponya. Niufanye? – Dereva, Tandahimba

Marahaba. Kwanza achana na usukani mpaka upimwe, sikutanii. Upasuaji huo upo na una nguvu. Taya la juu na la chini hukatwa, husogezwa mbele kama milimita 10, kisha hufungwa kwa vibati na skrubu za titani. Kwa kuwa ulimi na kaakaa laini vimejishikiza kwenye mifupa hiyo, navyo huvutika mbele, na njia ya hewa iliyo nyuma yake hupanuka. Tafiti zilipojumlishwa, zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kumi walipata nafuu kubwa, ingawa waliopona kabisa hawakufika nusu.

Ila si pa kuanzia. Kinachotangulia ni kipimo cha usingizi, kinachohesabu pumzi hukatika au kupungua mara ngapi kwa saa: 5 hadi 15 ni hali nyepesi, 30 na zaidi ni kali. Kisha hujaribiwa mashine ya CPAP, ambayo husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Wapo wengi wanaoshindwa kulala nayo. Kati ya hao, wenye kidevu kilichorudi nyuma ndio ninaowafikiria kwanza kwa upasuaji. Nenda hospitali ya Ligula, Mtwara, au hospitali ya kanda pale Mitengo, wakupime na presha, uombe rufaa. Mabingwa wa upasuaji wa kinywa na taya wapo Muhimbili.

Bibi anasema nikatwe kimeo, kukoroma kutaisha. – Newala

Msalimie bibi, ila kimeo kiache. Koo hujifunga nyuma ya ulimi na kaakaa, kimeo ni kipande kidogo tu cha habari hiyo. Na kisu cha mtaani huleta damu isiyokatika na usaha.

Nimeshaambiwa taya ndiyo njia yangu. Nitabadilika sura? Nitatafuna lini? – Mama, Mikindani

Sura itabadilika, mama. Midomo na kidevu hutokeza. Wapo wanaofurahi, wapo wanaochukua muda kujizoea kwenye kioo. Ni saa kadhaa za nusu kaputi, siku chache wodini, na uso uliovimba. Utakula uji, mtori na supu, halafu vyakula laini, kama wiki sita hivi. Ming'oko isubiri.

Linalorukwa mno kwenye maelezo ni ganzi. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu unapita ndani ya mfupa uleule unaokatwa. Kwa wengi ganzi hupungua baada ya miezi, kwa wengine haiishi. Meno nayo yanaweza yasikutane kama zamani, hivyo baadhi hufungwa nyaya kwanza. Mbane daktari wako kwa maswali hayo kabla hujasaini.

Msimu wa uraka nakoroma zaidi. Ni mawazo yangu? – Masasi

Si mawazo. Pombe hulegeza misuli ya koo. Punguza, hasa jioni, na ulale ubavu.

Mwanangu wa miaka mitano anakoroma na kulala mdomo wazi. Naye taya? – Lindi

Hapana. Kwa umri huo tunatazama kwanza mafindofindo na nyama za puani. Zikiwa ndizo chanzo, kuziondoa mara nyingi hutosha. Mpeleke hospitali ya Sokoine wamwangalie koo.